Kompyuta Inayochelewa Kuwaka: Tujue Ugonjwa Kabla ya Dawa



Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika jarida letu la mwaka huu tumeona ni vyema tuweke somo moja la kompyuta. Katika mwaka uliopita hakuna swali tuliloulizwa mara nyingi zaidi, na wanafunzi na hata na wazazi wanapokuja kuwachukua watoto jioni, kuliko hili: "Ustadhi, kompyuta yetu ya nyumbani inachukua muda mrefu kuwaka, na programu hazifunguki upesi. Tufanye nini?"

Wengi wanaouliza swali hili huwa tayari wana jibu lao. Mmoja husema ni virusi. Mwingine husema imezeeka, inunuliwe nyingine. Wa tatu husema apelekewe fundi "aipige Windows upya". Majibu yote matatu yanaweza kuwa sahihi, na yote matatu yanaweza kuwa makosa, kwani kila moja ni dawa iliyotolewa kabla mgonjwa hajapimwa. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Sisi wenyewe tulikosea hivyo hivyo, na kosa letu liliwagharimu wengine.

KOSA LETU SISI

Miaka kadhaa iliyopita kompyuta ya ofisi ya madrasa ilianza kuwa nzito. Asubuhi tukiiwasha, tunakwenda kunywa chai, tunarudi bado haijawa tayari. Tukamwita fundi, na hatukumweleza lolote zaidi ya kusema, "Ni nzito." Yeye akasema dawa yake ni kupigwa Windows upya. Tukakubali. Hakutuuliza kama tumetoa nakala ya mafaili, na sisi hatukumwambia kwamba ndani yake mna orodha ya wanafunzi na alama zao za mitihani ya miaka 3. Jioni kompyuta ikarudi ikiwa safi kabisa, haina kitu.

Alama nyingi tulizipata tena kwenye makaratasi ya zamani na kwa wazazi waliotunza ripoti za watoto wao. Lakini alama za wanafunzi 14 hazijapatikana hadi leo. Wawili kati yao walikuja baadaye kuomba barua ya kuthibitisha masomo yao ili wajiunge na chuo, nasi hatukuwa na cha kuandika isipokuwa maneno ya walimu waliowakumbuka.

Lililotuuma zaidi ni kwamba baada ya wiki 3 kompyuta ile ilikuwa nzito kama mwanzo. Ugonjwa ulikuwa kwenye diski ngumu, iliyokuwa imeanza kufa, na diski inayokufa haiponi kwa kupigwa Windows. Tulipoteza alama za watoto kwa dawa ambayo haikuwa ya ugonjwa ule.

Kwa hiyo sharti la kwanza la somo hili, kabla ya mengine yote, ni hili: toa nakala ya mafaili yako kabla hujagusa chochote, na kabla hujampa fundi. Weka nakala kwenye flashi au diski ya nje, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe mafaili yanasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa usiihesabu kuwa ni nakala.

KOMPYUTA HUFANYA NINI INAPOWAKA?

Tunaposema "kompyuta inachelewa" tunakuwa tumechanganya mambo manne katika neno moja. Tuyatenganishe.

Hatua ya kwanza ni tangu kubonyeza kitufe cha kuwashia hadi kuona alama ya Windows. Hapa kompyuta hujikagua yenyewe: memori ipo? kibodi ipo? diski ipo? Kisha hutafuta Windows imehifadhiwa wapi.

Hatua ya pili ni tangu alama ya Windows hadi pale unapoulizwa neno la siri. Hapa Windows husomwa kutoka kwenye diski na kuwekwa kwenye memori, sehemu moja baada ya nyingine.

Hatua ya tatu ni tangu kuandika neno la siri hadi kompyuta itulie na kukutii. Hapa ndipo programu nyingine nyingi hujifungua zenyewe bila kuitwa.

Hatua ya nne ni tangu kubonyeza programu unayoitaka, kwa mfano Word, hadi uweze kuandika herufi ya kwanza.

Kila hatua ina maradhi yake. Anayesumbuliwa na hatua ya nne peke yake hana haja ya tiba ya hatua ya pili.

PIMA, KISHA ANDIKA

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Muda nao ni mali. Chukua daftari na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, uandike muda wa kila hatua. Fanya hivyo kwa siku 3, maana siku moja inaweza kukudanganya: pengine siku hiyo Windows ilikuwa inajisasisha.

Tutoe mfano wa kweli. Mwanafunzi wetu mmoja wa kike, wa darasa la tano, alitujia baada ya kipindi.

"Shikamoo ustadhi."

"Marahaba. Vipi mama, hajambo?"

"Hajambo, ila anataka kununua kompyuta nyingine. Hii ya nyumbani imemchosha."

Mama yake ni mshonaji. Vipimo vya wateja wake, na madeni yao, vimo ndani ya kompyuta hiyo. Zamu yake ya mchezo ilikuwa inakaribia, na fedha ambazo alikuwa amezikusudia kwa cherehani ya pili, sasa alikuwa anataka kuzitoa zote kwa ajili ya kompyuta. Tukamwambia binti, "Mwombe mama asubiri wiki moja. Wewe nenda ukapime."

Baada ya siku 3 alirudi na daftari lake. Alikuwa ameandika hivi:

Hatua ya kwanza: sekunde 15.
Hatua ya pili: dakika 1 na sekunde 25.
Hatua ya tatu: dakika 2 na sekunde 20.
Hatua ya nne (Word): sekunde 50.
Jumla: dakika 4 na sekunde 50.

Tazameni, wanafunzi, jinsi daftari linavyozungumza. Hatua ya kwanza haina tatizo. Ile ya tatu peke yake inakula karibu nusu ya muda wote. Kabla ya kufungua kompyuta tulikwishajua pa kuanzia.

Kama hatua ya kwanza ndiyo ingekuwa ndefu, tungetazama mambo mengine: je, kuna flashi iliyosahauliwa imechomekwa, na kompyuta inahangaika kutafuta Windows ndani yake? Je, saa na tarehe zinapotea kila inapozimwa? Hiyo ni dalili kwamba betri ndogo ya ndani, mfano wa sarafu, imekwisha, na baadhi ya kompyuta husimama zikingoja ubonyeze kitufe kila zinapowaka.

FOLENI YA MLANGONI

Tuingie hatua ya tatu. Fikirini wanafunzi 40 wanaotaka kuingia darasani kwa mlango mmoja, wote kwa dakika moja. Hakuna aliye mgonjwa, hakuna aliye mzembe, lakini darasa linachelewa kuanza. Ndivyo inavyokuwa kwa kompyuta. Programu nyingi unapoziweka hujiandikisha zenyewe kwenye orodha ya kufunguka kila kompyuta inapowaka. Programu ya muziki hujiandikisha, ya mazungumzo hujiandikisha, ya printa hujiandikisha, na ya mchezo ambao mtoto aliucheza mara moja tu nayo hujiandikisha.

Ili kuiona orodha hiyo, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Katika Windows 8 na 10 tafuta sehemu iliyoandikwa "Startup". Katika Windows 11 imeandikwa "Startup apps". Utaona jina la kila programu, na mbele yake kipimo cha uzito wake wakati wa kuwaka: mdogo, wa kati au mkubwa. Kwa hesabu ya Windows, uzito mkubwa ni programu inayotumia zaidi ya sekunde 1 ya kazi ya prosesa, au inayosoma na kuandika zaidi ya megabaiti 3 kwenye diski wakati wa kuwaka.

Chagua programu usiyoihitaji kila siku, kisha bonyeza "Disable". Huifuti, unaiambia tu isubiri mpaka iitwe. Ukiihitaji utaifungua mwenyewe kama kawaida.

Lakini kuna adabu zake. Kwanza, usiizuie programu ya kukinga virusi. Pili, usizuie jina usilolijua. Liandike kwenye daftari, uulize kwanza. Tatu, zima chache, uwashe kompyuta upya, upime tena, kisha uendelee. Ukibadilisha mambo 10 kwa mara moja na kompyuta ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya. Na ikiharibika hutajua ni lipi lililoiharibu.

Kwenye kompyuta ya mama mshonaji tulikuta programu 11. Tulizuia 7. Hatua ya tatu ikashuka kutoka dakika 2 na sekunde 20 hadi dakika 1 na sekunde 5, na hatujatoa hata shilingi moja.

Hapa tuongeze tahadhari. Wapo wanaopakua programu za bure zinazoahidi kuifanya kompyuta iwe na kasi. Nyingi kati ya hizo nazo hujiandikisha kwenye foleni ile ile, na baadhi huja na virusi. Vilevile msiweke programu mbili za kukinga virusi zikafanya kazi kwa wakati mmoja. Kila moja hutaka kulikagua kila faili kabla halijafunguliwa, hivyo faili moja linakaguliwa mara mbili, na wakati mwingine programu hizo hukaguana zenyewe kwa zenyewe. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, Windows huja na kinga yake ndani.

JARIBIO LA KUFUNGUA MARA MBILI

Sasa hatua ya nne. Kuna jaribio rahisi ambalo tunataka kila mwanafunzi alihifadhi. Washa kompyuta, ngoja itulie, fungua programu inayokusumbua, upime muda. Ifunge. Ifungue tena hapo hapo, upime mara ya pili.

Mara ya kwanza, programu inasomwa kutoka kwenye diski. Ukiifunga, Windows haiisahau mara moja. Sehemu zake nyingi hubaki kwenye memori kwa muda, iwapo nafasi ipo. Kwa hiyo mara ya pili diski haina kazi kubwa.

Basi, ikiwa mara ya pili programu imefunguka upesi zaidi, kinachochelewesha ni diski. Ikiwa mara ya pili imechelewa vile vile kama ya kwanza, diski haina lawama. Tafuta kitu kingine.

Binti yetu alilifanya jaribio hili kwa programu mbili. Programu ya kutazamia picha: mara ya kwanza sekunde 30, mara ya pili sekunde 6. Word: mara ya kwanza sekunde 50, mara ya pili sekunde 47. Kumbe nyumba moja ina wagonjwa wawili wenye maradhi mbalimbali! Programu ya picha inasumbuliwa na diski. Word inasumbuliwa na kitu kingine.

Ili kukijua kitu hicho, rudi kwenye Task Manager wakati programu inafunguka, utazame asilimia zinazoandikwa za prosesa, memori na diski. Soma hivi:

1. Diski imefika asilimia 100 au karibu yake, na prosesa imetulia: kazi imekwama kwenye diski.

2. Memori imepita asilimia 90: memori ni ndogo kuliko kazi iliyowekwa. Windows inalazimika kuhamishia baadhi ya vitu kwenye diski na kuvirudisha, na hapo diski nayo huelemewa.

3. Prosesa imefika asilimia 100: ipo programu inayofanya kazi nyingi. Panga orodha kwa prosesa, mhusika atajitokeza juu.

4. Vyote vitatu vimetulia, lakini programu bado haijafunguka: basi haifanyi kazi, inasubiri.

PROGRAMU INAYOSUBIRI KISICHOKUWEPO

Hali hii ya nne ndiyo iliyotushangaza kwenye nyumba ile. Word ilikuwa inasubiri nini?

Tukamwuliza mama, "Mna printa?"

Akasema, "Tulikuwa nayo, ustadhi. Nilimpa mdogo wangu mwaka juzi."

Printa imeondoka, lakini jina lake limebaki kwenye kompyuta kama printa kuu. Word inapofunguka huiuliza printa kuu habari za karatasi, ili ijue ukurasa upangwe vipi. Kama printa haipo, inaweza kungoja jibu kwa muda kabla ya kukata tamaa. Ni sawa na mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walihama zamani. Hata ukinunua prosesa ya bei kubwa, kubisha hodi hakutaharakishwa.

Dawa ilikuwa kuchagua printa nyingine kuwa kuu. Katika Windows 10 na 11 ipo moja isiyo na chombo chochote, iitwayo Microsoft Print to PDF. Tukaichagua hiyo. Word ikafunguka kwa sekunde 12.

Visababishi vingine vya aina hii ni hivi. Programu inayotafuta sasisho kwenye intaneti kila inapofunguka, na nyumbani bando limekwisha, hivyo inangoja hadi ichoke. Folda ya kompyuta nyingine ambayo zamani mliunganishwa nayo na sasa haipo. Na viongezo ambavyo programu nyingine zilivipachika ndani ya Word. Ili kuvijua viongezo, shikilia kitufe cha Ctrl huku unafungua Word. Itakuuliza kama unataka ifunguke katika hali ya usalama, bila viongezo. Ukikubali na ikafunguka upesi, umempata mhusika.

Kuna kingine kinachotuhusu sisi wenyewe, walimu na wanafunzi wa madrasa. Kwa kupenda hati nzuri za Kiarabu, tunapakua aina za herufi kwa mamia na kuziweka zote. Programu nyingi za kuandikia na kuchora huipitia orodha ya aina za herufi zinapofunguka, na orodha ikiwa ndefu kupita kiasi, kufunguka huwa kuzito. Kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja tulikuta aina za herufi zaidi ya 900, na alikuwa anatumia 4. Bakisha unazozitumia, nyingine zihifadhi kwenye folda ya kawaida. Zile zilizokuja na Windows yenyewe usiziondoe.

DISKI NA HESABU YAKE

Tumebaki na hatua ya pili, na programu ya picha. Hapa tunahitaji hesabu kidogo, nanyi wanafunzi wakubwa ifuateni kwa kalamu.

Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka na mkono unaokwenda na kurudi juu yake kusoma. Diski ya kwanza ya biashara ilitolewa na IBM mwaka 1956; ilikuwa na sahani 50, na zilizunguka mara 1,200 kwa dakika. Za leo kwenye kompyuta za mapajani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na za mezani kwa kawaida mara 7,200. Kasi imepanda, lakini desturi ni ile ile: mkono lazima usogee, na sahani lazima izunguke hadi kitu kinachotafutwa kifike chini ya mkono.

Chukua diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11, na kwa wastani utasubiri nusu mzunguko, yaani karibu milisekunde 5.6. Ongeza muda wa mkono kusogea, ambao nao ni kama milisekunde 10. Kwa hiyo kila kitu kilicho mahali pake peke yake kinagharimu kama milisekunde 15.

Ni muda mfupi sana, sivyo? Lakini tuseme kwa mfano Windows inapowaka inahitaji kuchukua vitu 4,000 vilivyotawanyika. Zidisha 4,000 kwa 15: ni milisekunde 60,000, yaani dakika nzima! Diski ya SSD haina sahani wala mkono, na kitu kimoja hukichukua kwa kama milisekunde 0.1. Zidisha 4,000 kwa 0.1: ni milisekunde 400, hata nusu sekunde haifiki. Ndiyo maana kompyuta ya zamani ikibadilishwa diski watu husema imekuwa mpya, ingawa prosesa ni ile ile.

Jambo la pili kuhusu diski ni uzima wake. Ukisikia inagonga au kukwaruza, au mafaili yanakataa kufunguka, au kompyuta inaganda kila ukiingia kwenye folda fulani, acha kila kitu utoe nakala siku hiyo hiyo. Hizo ndizo dalili tulizozipuuza sisi kwenye ofisi ya madrasa. Na umeme ukikatika ghafla mara kwa mara mafaili yanaweza kuharibika, na Windows inaweza kusimama kuikagua diski inapowaka tena. Ukiona inakagua, iache imalize, usiizime.

MEMORI, JOTO NA KUZIMA

Memori ndogo nayo ni sababu. Windows 11 inataka isiyopungua gigabaiti 4, na hicho ni kiwango cha kuwaka tu, si cha kufanya kazi kwa raha. Lakini usinunue memori kabla ya kuona kwenye Task Manager kwamba ndiyo inayojaa.

Joto na vumbi vya huku kwetu pwani tusivisahau. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Kama kompyuta huwa nzuri asubuhi na nzito mchana, feni ikilia kwa nguvu, isafishwe vumbi, na isiwekwe juu ya godoro wala mto, maana matundu yake ya hewa huzibwa.

Mwisho, wengi hawajui kwamba tangu Windows 8, ukichagua kuzima, Windows haijizimi kikamilifu. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake upesi. Kwa hiyo kasoro ya jana inaweza kuamka nawe leo. Ukitaka ianze upya kweli kweli, chagua "Restart". Ajabu ni kwamba baadhi ya maradhi huondoka kwa hilo tu.

MWISHO WA KISA

Tulimpa mama mshonaji hesabu yake. Bila kutoa fedha, dakika 4 na sekunde 50 zilikuwa zimeshuka hadi dakika 2 na sekunde 57. Kilichobaki kilikuwa ni cha diski. Baada ya kutoa nakala ya vipimo na madeni ya wateja, na kuijaribu kwenye kompyuta ya madrasa, alinunua SSD kwa bei ndogo mno ukilinganisha na kompyuta nyingine, na fundi akahamishia kila kitu humo. Binti akapima tena: sekunde 12, sekunde 14, sekunde 10, na Word sekunde 4. Jumla sekunde 40.

Fedha za mchezo zilizobaki zilitosha kuanzia malipo ya cherehani. Na fundi alituambia kwamba hajawahi kuletewa kompyuta pamoja na daftari linaloeleza ugonjwa wake. Kazi yake siku hiyo ilikuwa nyepesi.

Hatusemi kwamba kompyuta mpya haihitajiki kamwe. Kwa Windows 10, masasisho ya kawaida ya usalama yalisimama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, na kompyuta nyingi za zamani haziruhusiwi kupokea Windows 11. Mwenye kompyuta ya namna hiyo ana haki ya kufikiria nyingine. Lakini afikirie kwa sababu anayoijua, si kwa hasira za asubuhi.

MUKHTASARI

1. Toa nakala, uijaribu.
2. Pima hatua nne kwa siku 3, uandike.
3. Punguza foleni ya programu zinazojifungua zenyewe.
4. Fungua programu mara mbili, ulinganishe.
5. Soma asilimia za prosesa, memori na diski.
6. Badilisha jambo moja, upime, ndipo uendelee.
7. Fedha iwe ya mwisho kutoka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Programu imefunguka kwa sekunde 40 mara ya kwanza na sekunde 38 mara ya pili. Je, kununua diski mpya kutasaidia? Toa sababu.
2. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara ngapi kwa sekunde? Nusu mzunguko wake ni milisekunde ngapi?
3. Fundi amesema kompyuta yenu ipigwe Windows upya. Taja mambo mawili utakayoyafanya kabla ya kumkabidhi.
4. Pima kompyuta ya nyumbani kwenu, au ya jirani kwa ruhusa yake, ulete daftari darasani. Tutazisoma hesabu hizo pamoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.